Wako au Wenu? Jambazi wa Sinema na Ndoto ya Kimarekani

Utangulizi

Mwaka 1931 mwanahistoria James Truslow Adams alichapisha kitabu kiitwacho The Epic of America, na kwa kitabu hicho likaenea jina ambalo leo halihitaji maelezo marefu: ndoto ya Kimarekani. Adams alitaka kitabu chenyewe kiitwe kwa jina hilo, lakini mchapishaji akakataa. Katika mwaka huohuo kampuni ya Warner Bros. ilitoa filamu mbili, Little Caesar na The Public Enemy, na mwaka uliofuata ikatoka Scarface iliyoongozwa na Howard Hawks. Filamu hizo tatu ndizo zilizouwekea kanuni utanzu wa filamu za majambazi. Kwa hiyo wakati ndoto ilipopata jina, jambazi naye alipata sura na sauti.

Mambo hayo mawili aghalabu hujadiliwa mbalimbali, la kwanza na wanahistoria wa fikra, la pili na wahakiki wa sinema. Insha hii inayaweka pamoja ili kuuliza swali moja: je, jambazi wa sinema anauawa kwa sababu ameiasi ndoto ile, au kwa sababu ameisadiki mno? Swali hili si la Wamarekani peke yao. Kila jamii inayowafundisha vijana wake kutamani, kisha ikawalaumu kwa kutamani, ina haja ya kulijibu.

Ndoto na Kauli Yake

Katika Kiswahili, ndoto ni neno linalotiliwa shaka. Anayeota ni mtu aliyelala, na anayeota akiwa macho huambiwa kwamba anaota ndoto za Alinacha. Msemo huu umetokana na kisa kimoja cha Alfu Lela Ulela. Alinacha alirithi fedha kidogo, akanunua vyombo vya kioo, akavitia kikapuni, akaketi akingoja wanunuzi. Katika kungoja huko alijenga utajiri akilini mwake, akamwoa binti wa waziri, na alipotaka kumwonyesha kiburi mke huyo wa kufikirika akarusha teke; vyombo vyote vikavunjika. Hukumu ya kisa hicho haina utata. Mkosa ni mwotaji, kwa kuwa hakuna mtu aliyemwahidi kitu.

Ndoto ya Kimarekani ni ya namna nyingine. Hiyo si njozi ya mtu mmoja kikapuni pake, bali ni ahadi ya umma. Mizizi yake inaonekana katika The Way to Wealth, maandishi ya Benjamin Franklin yaliyotoka mwaka 1758, na katika riwaya za Horatio Alger za karne ya 19, kama vile Ragged Dick ya mwaka 1868, ambamo kijana mng'arisha viatu hupanda ngazi kwa bidii, uaminifu na bahati kidogo. Adams mwenyewe alisisitiza kwamba hakukusudia ndoto ya magari na mishahara minono tu. Alikusudia jamii ambayo utaratibu wake ungemwezesha kila mtu, mwanamume au mwanamke, kufikia ukamilifu wa kipawa chake bila kujali alikozaliwa.

Lakini ahadi inayopita katika vinywa vingi hufupika. Ikisemwa kwa Kiswahili, ahadi ile iliyofupishwa inakuwa: ajitahidiye hufika. Kiambishi hu- kina uzito wake hapa. Ndicho kitumikacho katika methali, kwa kuwa kinataja mambo ya siku zote. Hakina wakati maalumu, wala hakitanguliwi na kiambishi cha nafsi. Kauli yenye hu- ni ya kila mtu, na kwa sababu hiyohiyo si ya mtu yeyote hasa. Haisemi kwamba wewe utafika, wala haisemi utafika lini. Jambazi wa sinema ni mtu aliyeisikia kauli hiyo akaitia nafsi na wakati: nitafika, tena upesi.

Sauti na Lafudhi

Si ajabu kwamba utanzu huu ulikomaa baada ya sinema kupata sauti. Majambazi walikuwamo tayari katika filamu zisizo na sauti. Underworld ya mwaka 1927, iliyoongozwa na Josef von Sternberg, ni mfano mashuhuri. Hata hivyo, Lights of New York ya mwaka 1928, filamu ndefu ya kwanza ambayo mazungumzo yake yote yalisikika, ilikuwa hadithi ya wauza pombe haramu. Sauti ilileta mlio wa bunduki na wa magurudumu ya magari, lakini jambo kubwa zaidi lililoletwa na sauti ni lafudhi. Kwa mara ya kwanza mtazamaji aliweza kusikia kwamba mtu aliye mbele yake ametoka mahali fulani.

Mahali hapo palikuwa na maana kubwa katika Marekani ya siku zile. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1924 ilikuwa imewabania sana watu wa Ulaya ya kusini na mashariki. Marufuku ya pombe, iliyoanza kutekelezwa Januari 1920 na kuondolewa Desemba 1933, ilikuwa imefungua biashara ya magendo ambayo haikuuliza cheti cha shule wala jina la ukoo. Oktoba 1929 soko la hisa la New York lilianguka, na kufikia mwaka 1933 takriban robo ya wafanyakazi nchini hawakuwa na kazi. Watu hao ndio walioketi gizani wakimtazama mtu mmoja mwenye lafudhi ya mtaani akipanda, wakati ambao wao walikuwa wakishuka.

Waigizaji wenyewe walikuwa sehemu ya hadithi. Edward G. Robinson, aliyemwigiza Rico katika Little Caesar, alizaliwa Bucharest mwaka 1893 kwa jina la Emanuel Goldenberg, akaletwa New York angali mtoto. Paul Muni, aliyemwigiza Tony Camonte katika Scarface, alizaliwa Lemberg, mji ambao leo ni Lviv nchini Ukraine, kwa jina la Weisenfreund, na alikulia katika michezo ya jukwaani ya lugha ya Kiyidi. Familia ya Warner, wenye kampuni, walikuwa Wayahudi waliohamia kutoka Poland. Basi Mwitaliano yule aliyewatisha Wamarekani alipewa sauti na wana wa Kiyahudi waliobadili majina yao. Waliotengeneza filamu walikuwa wamefika. Waliyemtengeneza hakuruhusiwa kufika.

Lugha yenyewe ni kikwazo katika safari ya jambazi. Katika Scarface, Tony ana karani wake aitwaye Angelo, asiyejua kusoma wala kuandika, ambaye kazi yake ni kupokea simu. Kila mara simu inamshinda. Hawezi kushika jina la anayepiga, na mara moja anataka kuipiga risasi. Mtazamaji anacheka. Lakini siku moja Angelo anapigwa risasi, na katika dakika zake za mwisho anaishika simu, na kwa mara ya kwanza analipata jina la mpigaji. Kicheko kinamkwama mtazamaji kooni. Kadhalika Tony anapomwonyesha Poppy makao yake mapya, mwanamke huyo anayaeleza kwa neno lenye maana ya kwamba mapambo yamepita kiasi. Tony analichukua neno hilo kuwa sifa, na anafurahi kwamba Poppy amependezwa. Vitu amevipata vyote; ila msamiati wa wale waliozaliwa navyo haununuliki. Rico naye, akiwa nyumbani kwa mkubwa wa wakubwa, anaistaajabia picha ya ukutani, na kinachomvutia ni gharama ya fremu ya dhahabu.

Ngazi na Mwisho Wake

Mwanzoni mwa Little Caesar, Rico ametoka kuiba katika kituo cha petroli cha shamba. Anaingia mkahawani, anarudisha nyuma mishale ya saa ya ukutani ili apate ushahidi wa uongo, kisha anasoma gazeti. Gazeti linaeleza karamu aliyoandaliwa jambazi mkubwa wa mjini. Rico hatamani chakula cha karamu hiyo, anatamani kuandikwa. Tangu hapo kila hatua yake hupimwa kwa maandishi na picha, na anapopata karamu yake mwenyewe ananunua nakala za gazeti lenye sura yake. Hata kuanguka kwake kunaletwa na gazeti. Amejificha katika bweni la maskini, hana kitu, na yumkini angeponea hapo; lakini anasikia likisomwa gazeti ambamo polisi wamemwita mwoga. Hawezi kustahimili. Anampigia simu ofisa wa polisi ili alikanushe neno hilo, na kwa simu hiyo wanajua aliko. Anauawa nyuma ya bango la matangazo, na katika pumzi zake za mwisho anajitaja kwa jina lake, katika nafsi ya tatu, kana kwamba anayekufa ni mtu aliyemsoma gazetini.

Juu ya bango lile limeandikwa tangazo la rafiki yake Joe, aliyeacha genge akawa mcheza dansi mashuhuri. Itakuwa si haki kuliacha jambo hilo. Filamu inasema kwamba ipo njia halali, na kwamba Joe ameipita. Hata hivyo, The Public Enemy inaijaribu hoja hiyo kwa ukali zaidi. Tom Powers, aliyeigizwa na James Cagney, ana kaka aitwaye Mike. Mike anafanya kazi mchana katika tramu, anasoma usiku, na mwaka 1917 anakwenda vitani. Anarudi mgonjwa na mwenye uchungu. Mezani pa familia, Tom anapoleta pipa la bia, Mike anasema kwamba ndani yake mna bia na damu. Tom naye anamjibu kwamba nishani za vita hazikupatikana kwa kushikana mikono na Wajerumani. Hakuna mshindi katika mabishano hayo. Mwishoni Tom analetwa mlangoni akiwa maiti iliyofungwa bendeji, wakati mama yake anamtandikia kitanda ghorofani na santuri ikiendelea kuimba. Tom amekufa, ni kweli. Lakini Mike amefika wapi? Filamu haionyeshi. Ndugu mmoja aliivunja sheria, mwingine aliifuata, na ngazi haikumfikisha hata mmoja wao.

Mhakiki Robert Warshow, katika insha yake maarufu ya mwaka 1948 juu ya jambazi kama shujaa wa tanzia, alieleza kiini cha jambo hili vizuri kuliko waliomtangulia. Kwa mujibu wa hoja yake, jambazi hana budi kujitokeza katika kundi. Lakini kila anayejitokeza yuko peke yake, na aliye peke yake hupigwa. Kushindwa ni aina ya mauti, na kushinda nako kunaleta mauti. Warshow aliandika juu ya mafanikio kwa jumla. Linalobaki ni kutazama maneno ambayo kwayo mafanikio hayo yalitangazwa.

Wako au Wenu

Katika Scarface maneno hayo yameandikwa kwa taa. Nje ya dirisha la Tony kuna tangazo la kampuni ya usafiri ya Cook's, linalomwambia kila mpita njia kwamba ulimwengu ni wake. Tony analionyesha kwa fahari. Mwishoni anapouawa barabarani, kamera inainuka kutoka kwenye maiti hadi kwenye taa zile, ambazo zinaendelea kuwaka.

Mfasiri anayelitia tangazo hilo katika Kiswahili hukutana na tatizo ambalo Mwingereza halioni. Kiingereza cha leo kina kivumishi kimoja cha umilikaji kwa nafsi ya pili, kiwe cha umoja au cha wingi. Kiswahili hakina ukarimu huo. Mfasiri lazima achague: ulimwengu ni wako, au ulimwengu ni wenu? Uchaguzi huo si wa kisarufi tu. Ulimwengu ukiwa wenu, anayesoma lazima ageuke amtazame jirani yake, kwa maana naye ni mwenye mali. Ukiwa wako, jirani anakuwa mtu aliyesimama mahali pako.

Tangazo la biashara huishi katika utata huo. Linasemwa kwa maelfu, lakini kila mmoja hulisikia kama siri aliyonong'onezwa peke yake. Adams alikuwa amesema wenu. Barabara za Chicago zilisomeka wako. Tony hakukosea kusoma. Alisoma kama alivyofundishwa, kisha akaenda kuchukua alichoambiwa ni chake. Papo hapo ndipo swali la utangulizi linapopata jibu. Jambazi haiasi ndoto, bali anaisadiki katika umoja.

Wakaguzi na Methali

Wakaguzi wa filamu walihisi hatari hiyo. Kanuni za maadili ya sinema ziliidhinishwa mwaka 1930, na kuanzia 1934 zikasimamiwa kwa ukali na Joseph Breen. Scarface ilitolewa baada ya mivutano mirefu. Iliongezewa jina dogo la kuiita habari hiyo aibu ya taifa, na ukatengenezwa mwisho mwingine ambamo Tony anahukumiwa na kunyongwa. Ikapachikwa pia sehemu ambamo raia wanamjia mwenye gazeti kulalamika, naye anahimiza majambazi wafukuzwe nchini, kwani wengi wao si raia. Kwa ufundi huo kosa lilihamishwa: halikuwa tena katika tangazo, lilikuwa katika mgeni aliyelisoma. Ukweli wa kihistoria ulikataa. Al Capone, ambaye lakabu yake ndiyo jina la filamu hiyo, alizaliwa Brooklyn mwaka 1899; na Oktoba 1931 alifungwa miaka 11, si kwa kuua bali kwa kukwepa kodi.

Msomaji wa Kiswahili ana njia yake ya kufanya walivyofanya wakaguzi. Atasema: tamaa mbele, mauti nyuma. Methali hiyo inalingana na filamu hizi kana kwamba ilitungwa kwa ajili yake, na huo ndio udhaifu wake hapa. Inaeleza namna Tony alivyokufa, lakini haiulizi ni nani aliyeiwasha tamaa yake na akaendelea kuiwasha baada ya maiti kuondolewa. Hekima inayoanza na mwenye tamaa na kuishia kwake ni ya Alinacha. Inafaa pale ambapo hakuna aliyeahidi.

Filamu zilizofuata baada ya mwaka 1934 ziliuzunguka ukweli huu bila kuufukuza. Mwaka 1935 Cagney alirudi katika 'G' Men akiwa upande wa sheria. Mwaka 1938, katika Angels with Dirty Faces, alimwigiza Rocky, aliyekamatwa utotoni pamoja na uhalifu mdogo wa treni, ilhali rafiki yake Jerry alitoroka akaja kuwa padri. Filamu inakiri waziwazi kwamba lililowatenganisha ni mbio: mmoja alikuwa na miguu myepesi kuliko mwenzake. Ikiwa ndivyo, bidii imekwenda wapi?

Warithi

Francis Ford Coppola alilichukua swali hilo mwaka 1972 katika The Godfather, iliyotokana na riwaya ya Mario Puzo ya mwaka 1969. Sauti ya kwanza inayosikika ni ya Bonasera, mwenye biashara ya maziko, akiikiri imani yake katika Marekani. Amemlea binti yake kwa desturi za huko. Binti amepigwa vibaya na vijana, na mahakama imewaacha vijana hao waende zao. Ndipo anapomwendea Don Corleone. Neno Mafia halitamkwi hata mara moja katika filamu hiyo, kwa sababu watayarishaji waliafikiana hivyo na jumuiya moja ya kutetea haki za Wamarekani wenye asili ya Italia. Katika nafasi ya neno lile yamewekwa maneno ya jamaa: baba, ndugu, familia. Familia ilikuwa jaribio la kuijibu wako kwa wetu. Lakini wetu hiyo ilikuwa na ukuta, na mwishoni mwa sehemu ya pili, ya mwaka 1974, Michael ameketi peke yake, baada ya kuamuru ndugu yake wa kuzaliwa auawe.

Brian De Palma alipoitengeneza Scarface upya mwaka 1983, aliwatunukia filamu hiyo Hawks na Ben Hecht, mwandishi wa ile ya kwanza. Tony wa safari hii anatoka Kuba, mmoja wa watu wapatao 125,000 walioondoka kupitia bandari ya Mariel mwaka 1980. Tangazo la ulimwengu limerudi, na anapoanguka maiti katika bwawa la ndani, maneno yaleyale yako juu yake. Kilichotokea nje ya filamu kinastahili kuzingatiwa zaidi. Vijana wengi wa mijini waliichukua picha ya Tony wakaitundika ukutani kama ishara ya mafanikio. Walimchukua akiwa kileleni; bwawa wakaliacha. Kwa miaka mingi wakaguzi walikuwa wamesisitiza kwamba mwisho mbaya utafundisha. Mwisho haukufundisha, kwa sababu tangazo lilikuwa na nguvu kuliko mwisho.

Hitimisho

Kuota, katika Kiswahili, ni pia kuchipuka. Sadfa hiyo ya maneno isitwishwe mzigo kupita kiasi, lakini inakumbusha kwamba waliovuka bahari hawakwenda kulala. Walikwenda kuota kama mche uotavyo. Mche hauoti bila udongo, na udongo haupimwi kwa bidii ya mche.

Filamu za mwaka 1931 na 1932 zina ukatili, na hazimtetei mwuaji. Zinachofanya ni kumsimamisha chini ya bango na kumwacha mtazamaji asome vyote viwili kwa pamoja, maiti na maneno. Hapo ndipo mwalimu wa lugha anapokuwa na kazi. Mwanafunzi anayeombwa kuyatafsiri maneno yale asiharakishwe. Na aandike wako, kisha aandike wenu, kisha aulizwe ni ipi kati ya kauli hizo mbili ambayo jamii yake mwenyewe humwambia kila siku, na ni ipi ambayo ingethubutu kuitimiza.